Vileja vya nyanya yangu: kibaba ni kiasi gani, na ni nini "kilale"?

MjukuuWaMajengo

Salaam wapishi. Niseme mapema, mimi si mmoja wenu. Nauza vipuri vya magari Grogan, Nairobi, na jikoni najua mayai na ugali, basi. Lakini Idi imekaribia na nimesharopoka mbele ya dada zangu kwamba mwaka huu vileja vya nyanya, vile vibiskuti vyake vya unga wa mchele, vitakuwepo mezani. Sasa nahitaji kuokolewa.

Nyanya aliishi Majengo, Pumwani, tangu alipoolewa mpaka tukamzika. Usiku wa kuamkia Idi ua wote ulinuka vileja vyake. Alioka kwa makaa: sufuria kubwa yenye mchanga chini, sinia ndani, kifuniko juu kimejaa makaa. Sisi wajukuu kazi yetu ilikuwa kupepea moto na kuiba. Kila kileja alikitia doa katikati kwa ncha ya kidole kilichochovywa rangi nyekundu. Kidole hicho kilibaki chekundu siku tatu, na ndicho alichotunyooshea tukikosea.

Hakuandika chochote. Kilichobaki ni maneno ya shangazi yetu aliyekuwa akimsaidia, nyuma ya karatasi ya kalenda:

*Unga wa mchele vibaba 2. Samli kopo 1 la nusu. Sukari kadiri. Mayai 6. Iliki. Usiku kilale.*

Shangazi naye ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo hakuna wa kuuliza.

Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza jirani aliniambia kibaba ni kikombe. Nikaweka vikombe viwili vya unga, samli nusu kilo, mayai sita. Ulikuwa uji. Nikaumimina kwenye sinia hivyo hivyo kwa ukaidi na ukatoka kitu kama chapati iliyozama kwenye mafuta. Mara ya pili nikaongeza unga wa ngano mpaka ukashikana, halafu nikaulaza usiku kucha kwenye friji kwa sababu ya hilo neno "kilale". Asubuhi lilikuwa tofali. Vileja vilivyotoka humo mtoto wangu alivifanya magurudumu ya gari lake la waya. Mara ya tatu nilinunua unga wa mchele wa paketi nikafuata video moja. Vilishikana, vililika, lakini vilikuwa na mchanga mchanga mdomoni, na harufu haikuwa ile.

Kwa hiyo: kibaba ni kiasi gani? Nini kilale? Na ile harufu ilitoka wapi, maana iliki niliweka mpaka nikapiga chafya?

Kahawa_Chungu

Ndugu yangu, nenda Islii, nunua sahani nzima, tia doa jekundu, nyamaza.

MjukuuWaMajengo

Dada yangu mkubwa atajua kabla sijafunua sahani.

MpishiWaSouthC

Una uhakika ni vileja? Mimi naona unaelezea nankhatai. Kwetu nankhatai ndiyo yenye doa.

MjukuuWaMajengo

Nankhatai ni ya unga wa ngano. Hii ilikuwa ya mchele, nyeupe, ukiigusa vibaya inamomonyoka. Tulikula kiganja kimekingwa chini ya kidevu.

BiMkubwa_Tudor

Vileja hivyo. Na wewe MpishiWaSouthC, doa halina mwenyewe, kila nyumba hutia lake.

Mwanangu, huyo jirani aliyekwambia kibaba ni kikombe amekutia hasara ya samli. Mimi ni wa Mombasa, niko Nairobi kwa mwanangu huu mwaka wa kumi na moja, na kibaba nimekikuta kwa mama yangu. Hebu tuhesabu. Zaka ya fitri, ile ya Idi, unatoa? Kila kichwa pishi moja ya chakula, na ukiuliza msikitini kwa mizani watakwambia kilo mbili na nusu, wengine tatu. Pishi ni vibaba vinne. Basi kibaba cha mchele ni kama gramu 625 mpaka 750. Lakini unga ni mwepesi kuliko mchele. Chombo kinachobeba mchele gramu 700, ukikijaza unga bila kushindilia, unapata karibu nusu kilo. Vibaba viwili ni kilo moja ya unga.

Sasa tazama karatasi ya shangazi yako. Unga kilo moja, samli kopo la nusu kilo, mayai sita. Samli nusu ya unga, ndivyo vileja vilivyo siku zote. Wewe uliweka unga kama gramu mia tatu kwa samli ile ile na mayai yale yale, ulitaraji nini?

"Sukari kadiri" maana yake isiizidi samli. Anza na gramu 400, na iwe laini. Yenye chembe kubwa isage kwanza.

Kinacholala si donge. Ni mchele. Unauosha, unauloweka usiku, asubuhi unauchuja na kuuanika kivulini juu ya kanga mpaka ubaki na unyevu kidogo tu, ndipo unautwanga na kuuchekecha. Mchele uliolowekwa hulainika ndani, unga wake huwa kama poda. Ukisagwa mkavu unatoka na punje, na huo ndio mchanga ulioutafuna. Ukishachekecha uanike tena ukauke sawasawa, usije ukaota ukungu.

Na usinunue mchele wa bei. Mama zetu walitumia chenga, zile zilizobaki kwenye ungo baada ya kupepeta mchele wa pilau.

MjukuuWaMajengo

Shikamoo mama. Nimesoma hii nikiwa dukani nikacheka peke yangu, mteja akadhani namcheka yeye. Kinu sina. Nikipeleka mchele kwenye mashine ya posho mtaani itakuwaje?

BiMkubwa_Tudor

Marahaba. Utanuka mahindi. Mashine ile haioshwi, na unga wa mchele hunyonya kila harufu. Tumia blenda, kidogo kidogo, uchekeche, yanayobaki juu uyarudishe. Ni kazi, lakini unafanya kilo moja, huendi kulisha jeshi.

Oveni_na_Makaa

Naongeza mambo mawili, mimi huoka keki za kuuza hapa Umoja.

Kwanza, samli isiyeyushwe. Watu wa Pwani huhangaika na joto, samli yao inakuwa maji ndani ya kopo. Sisi Nairobi tuna baridi, ni neema, itumie. Samli iliyoganda uipige na sukari kwa mkono mpaka iwe nyeupe na nyepesi kama povu, dakika ishirini hivi, ndipo yai moja moja, ndipo unga na iliki. Ile hewa unayoipiga ndiyo inayoinua vileja. Unga wa mchele hauna ule mnato wa ngano, kwa hiyo samli iliyoyeyuka inatanda na hakuna cha kuizuia.

Pili, naona karatasi haina beking pauda. Usiiongeze kwa sababu video imesema. Tuko mita 1,700 na kitu juu ya bahari, hewa ni nyepesi, vitu vinafura haraka halafu vinaanguka. Ukitaka kabisa, nusu kijiko cha chai kwa kilo.

Oveni nyuzi 160, dakika 15 mpaka 20. Vikianza kuwa vya kahawia umechelewa. Na usiviguse vikiwa vya moto! Viache kwenye sinia vipoe, la sivyo utakuwa na unga tena.

MjukuuWaMajengo

Narudi na ripoti. Nilifanya nusu: unga nusu kilo wa chenga zilizolala, samli robo kilo, sukari gramu 200, mayai matatu. Mkono wa kulia hauinuki, dakika ishirini za kupiga samli si mchezo. Lakini nilipouma cha kwanza kiliyeyuka, nikajikuta nimekinga kiganja chini ya kidevu bila kufikiria.

Kuhusu harufu: samli ya kopo la dukani haikuwa nayo. Nikakumbuka nyanya alikuwa na mama mmoja wa Kisomali Islii aliyemletea samli kwenye chupa. Nikaenda kule nikaulizia. Mama mmoja alinifungulia mtungi ninuse, na nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichokuja kununua. Nikamuuliza ameweka nini. Akasema siagi yao wanaichemsha na iliki nzima na uwatu kidogo, halafu wanachuja. Kumbe iliki nyingine haikuwa kwenye unga, ilikuwa ndani ya samli.

Kasoro ni moja. Rangi nyekundu ilikuwa imeisha dukani, nikatia ya kijani. Dada yangu alikula vinne kwanza ndipo akauliza haya madoa ya ukuta wa msikiti ni ya nini.

Jumapili nafanya kilo nzima kwa makaa. Binamu bado ana sufuria ya nyanya. Mama, mchanga ule ni wowote tu?

BiMkubwa_Tudor

Wa mtoni, si wa fundi wa nyumba, ule huenda umechanganyika na saruji. Uchekeche, uoshe mpaka maji yatoke meupe, uanike. Makaa mengi juu, chini kidogo tu. Na ukimaliza usiumwage, utie kwenye gunia, Idi ya Mfungo Tatu haiko mbali.