Sampuli ya mahindi: tupige kura, turuke kwa kumi, au tufuate jedwali?

Mkaguzi_Masindi
Wiki ijayo tunapeleka mahindi kwa mnunuzi wa Kenya kupitia mpaka wa Busia. Mkuu wangu anataka tuchote kila gunia la kumi, ilhali mimi naona afadhali tupige kura kwa namba za magunia. Ipi bora?

BintiGhala
Ndugu, hujasema magunia ni mangapi, yametoka kwa nani, wala unakagua nini.

Jedwali_Kwanza
Mimi nashika ISO 2859-1, kiwango cha kimataifa chenye majedwali ya idadi ya sampuli za kukagua. Shehena ya 501 hadi 1,200, kwa kiwango cha pili cha ukaguzi, inahitaji sampuli 80. Kikomo cha ubora, yaani kiasi cha vibovu kinachovumilika, kikiwa asilimia 2.5, mbovu tano unapokea, sita unakataa. Mabishano na mkuu yanaishia hapo.

Mkaguzi_Masindi
Samahani. Ni magunia 900 ya vikundi vitatu vya wakulima, na tunapima unyevu na sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu).

MzeeBambo
Mwaka mmoja nilidunga bambo, kile chuma cha kuchotea punje, kwenye magunia ya pembeni tu, yale ambayo mkono unayafikia, kwa kuwa makuli walikuwa wamechoka nami niliona haya kuwapandisha tena juu ya rundo. Kipimo cha unyevu kilisoma 13, chini ya kikomo cha asilimia 13.5, nikatia saini. Liliposhushwa na kufunguliwa gunia la katikati, punje zilikuwa zimeshikana donge, zina joto na zinanuka kama pombe. Lori zima likarudi. Tenga kila kikundi, kisha upige kura ndani yake.

Jedwali_Kwanza
Mzee, hapo jedwali halikosi. Nalo linadai sampuli ya nasibu.

BintiGhala
Ila jedwali hilo huhesabu vitu vibovu, na sumukuvu haihesabiki hivyo, kwani punje chache zaweza kubeba karibu sumu yote. Chota kidogo kidogo kutoka magunia mengi, changanya, saga, ndipo upime. Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Tangu Kenya izuie mahindi yetu ya Uganda Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu, hakuna wa kukupokea kwa maneno matupu.

Mkaguzi_Masindi
Mkuu anauliza nani atawalipa makuli wa kubomoa rundo.

MzeeBambo
Basi chota wakati wa kupakia, gunia likiwa begani. Hapo hata kila la kumi linafaa, mradi la kwanza lipatikane kwa kura.

BintiGhala
Na majibu ya maabara yakija mabaya, lori limeshapakiwa?