Nilifukia mabua, mahindi njano. Jirani alichoma, yake kijani. Shida nini?

Mama_Ekari_Moja:
Wakuu, habari za jioni. Niko Mbozi, nina ekari moja ya mahindi. Miaka yote tunachoma mabua kabla ya mvua, ila msimu huu nikasema sichomi, maana bwana shamba kila mkutano anatuambia moto unamaliza udongo. Mvua za kwanza zilipolainisha ardhi nikaita plau ya ng'ombe, mabua yote yakafukiwa. Baada ya wiki mbili nikapanda kwa mbolea ya DAP, kifuniko kimoja cha soda kila shimo, kama kawaida.

Sasa yana wiki nne. Majani ya chini njano imeanzia nchani ikaingia katikati, kama mshale unaofuata uti wa jani. Ya juu kijani kilichopauka. Jirani yangu, tumetenganishwa na mstari wa matete tu, mbegu ileile, tumepanda siku moja, yeye alichoma. Yake kijani mpaka yanaelekea weusi. Mume wangu hasemi kitu, ila jana alinipita akatikisa kiberiti sikioni mwangu.

Ni DAP feki au? Natanguliza shukrani.

Chapa_Jembe:
DAP feki hiyo dada. Piga busta, ile mbolea ya kupulizia majani, wiki tu yanarudi.

Mwalimu_Mstaafu:
Dada, DAP isisingiziwe, na hela ya busta kaa nayo. Umekaribisha wageni wengi kuliko ugali uliosonga.

Mimi yalinikuta kwenye tuta la mchicha. Nilibeba viroba vitatu vya maranda kwa fundi seremala, nikachanganya na udongo, nikajiona mjanja nimepata mbolea ya bure. Mchicha ukaota, ukagoma kwenye kimo cha kidole, rangi ya limau lililoiva, wiki tano nzima. Na mimi nimefundisha biolojia miaka 27, mzunguko wa naitrojeni, chakula kinacholipa jani ukijani, nimeuchora ubaoni kila mwaka na mishale yake yote. Ulikuja kukaa mbele yangu kwenye mchicha, sikuutambua.

Bua la hindi lina kaboni nyingi na naitrojeni kiduchu, kama 60 kwa 1. Bakteria na kuvu wanaoliozesha wanajenga miili yenye 8 kwa 1 hivi. Kaboni nyingine wanaitumia kama kuni na kuipumua nje, kwa hiyo chakula kinachowatosha bila kuomba kwa mtu ni cha 25 kwa 1. Bua halifiki hapo. Kinachopungua wanakichukua kwenye udongo, palepale mzizi wa hindi unapotafuta, na wao wanawahi kuliko mzizi.

Tupige hesabu. Tuseme ulifukia tani 2 za mabua makavu. Kaboni kama kilo 800, naitrojeni kilo 13. Ili wayamalize yote wanataka 32. Deni kilo 19, na mfuko wa mbolea ya Urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Bahati nzuri hayaozi yote kwa mpigo, kwa hiyo si lazima ulipe deni zima leo.

Kinachouma zaidi ni wakati ulioyafukia. Udongo uliokauka miezi kadhaa ukipata mvua ya kwanza, vijidudu waliokufa kwa ukame wanaliwa na walionusurika, na naitrojeni inafumuka kwa wingi siku chache tu. Mtafiti Birch alilichunguza hilo pale Muguga, karibu na Nairobi, akalichapisha 1958, na hadi leo wataalamu wanaliita kwa jina lake. Bibi yangu hakuwahi kumsikia Birch, lakini mvua ya kwanza haikumkuta amelala. Jirani yako fungu hilo amelipata lote. Lako limedakwa na mabua.

Huo mshale wa njano ni hindi linanyonya naitrojeni ya majani ya chini ili lilishe ya juu. Ingekuwa salfa imepungua, njano ingeanzia juu.

Fanya hivi: weka Urea sasa, usingoje hindi lifike magotini. Nusu mfuko, udongo ukiwa na unyevu, pembeni ya shina, na UFUNIKE. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu huku kwetu watu wanamwaga juu na kwenda zao. Urea ikibaki juu, vimeng'enya vya bakteria vinaigeuza amonia, asubuhi unasikia harufu ya zizi. Hiyo ni hela yako inapaa. Wala usiweke penye maji yaliyotuama. Kuna bakteria ambao wakikosa hewa wanapumulia naitreti, yaani naitrojeni iliyoungana na oksijeni, na naitrojeni inarudi angani kama gesi.

Kuhusu jirani, usimwonee wivu. Naitrojeni ya mabua yake nyingi imekwenda na moshi, kabaki na majivu. Yako imefungiwa tu. Hao bakteria wataliwa na vijidudu wakubwa zaidi, protozoa, amonia itatoka, kisha bakteria wengine, Nitrosomonas, wataigeuza naitraiti, na Nitrobacter na wenzao wataifanya naitreti ambayo mzizi unaipenda. Ila itachelewa, hindi halitakusubiri.

Wa_Kitale:
Mwalimu, sisi huku tunachanganya mahindi na maharagwe. Si maharagwe yanavuta naitrojeni hewani? Hayawezi kulipa hilo deni?

Mwalimu_Mstaafu:
Yanavuta, ndugu yangu, ila yanajilisha yenyewe kwanza, na maharagwe ya kawaida ni mavivu kwenye kazi hiyo kuliko kunde au soya. Hindi la pembeni linaambulia kidogo. Faida kubwa ni msimu unaofuata, na kama hukung'oa kila kitu ukapeleka nyumbani.

Chimbua mche mmoja wa haragwe yakianza kutoa maua, usiung'oe kwa kuvuta maana vinundu vya mizizi vinabaki chini. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu-pinki kama nyama mbichi, Rhizobium, bakteria wanaovuta hiyo naitrojeni, wako kazini. Rangi hiyo inatoka kwenye protini ya ukoo mmoja na ile ya damu yetu, inadhibiti oksijeni isiharibu kazi. Kikiwa cheupe au kijani ndani, hapo hakuna kinachovutwa.

Mama_Ekari_Moja:
Mrejesho. Urea niliweka Jumamosi baada ya manyunyu, nikafunika shina kwa shina na wanangu, mgongo bado unauma. Leo siku ya kumi. Majani mapya yametoka kijani. Ya chini yamebaki njano, mengine yamekauka kabisa.

Nikachimbua bua moja. Limelainika kama sponji, limezungukwa na nyuzi nyeupe zilizoshika udongo, linanukia uyoga. Nikampelekea mume wangu, nikamweleza yote ya mwalimu. Akalinusa, akauliza kama huo uyoga unaliwa. Ila kiberiti nimekikuta jikoni.

Mwakani mabua yanakwenda kwanza kwa ng'ombe wa mama mkwe, nami narudishiwa samadi. Yeye ameshakubali, tunabishana tu nani atalipia mkokoteni.