Mnunuzi wa parachichi kaandika "waives" kwenye mkataba, tusaini?

Katibu wa Kikundi, Tukuyu:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi huku Rungwe. Mnunuzi katuletea mkataba, wote Kiingereza, anataka saini Jumatatu. Kipengele kimoja kinasema: "The Seller waives any claim for rejected fruit once the crates leave the farm." Kijana wangu wa kidato cha tatu anasema hilo neno ni kupunga mkono. Sasa muuzaji anampungia nani, kreti? Kamusi ya simu nayo inasema "kusamehe". Kama tunasamehewa, sina neno. Ila msimu uliopita tulipima wenyewe shambani, baadaye tukaambiwa nyingi zimekataliwa huko zinakofungashiwa, na hatukuona hata tunda moja likirudi. Ndiyo maana nauliza kabla ya kushika kalamu.

Ticha wa Iringa:
Kamwene dada katibu. Kijana kachanganya na "wave". Yanatamkwa sawasawa, yanatofautiana kwa herufi i tu. "Waive" ni kuachia kwa hiari haki uliyonayo. Liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha mahakamani, na Uingereza ya zamani mali ambayo mwizi aliitupa akikimbizwa iliitwa "waif", ukoo mmoja na hili.

Kamusi yako haijakosea sana. Chuo kikiandika "the application fee is waived", umesamehewa ada, kwa sababu mwenye haki ya kudai ada ni chuo na ndicho kilichoachia. Kwa hiyo tazama nani kakaa mbele ya kitenzi. Kwenye mkataba wako kakaa Seller. Seller, yaani muuzaji, ni nyie: kreti zikishatoka shambani, mmeachia haki ya kudai chochote kwa matunda yaliyokataliwa.

Mzee wa Hass, Njombe:
Hicho kipengele hata huku kilipita. Tulikikataa, jamaa akanuna, mwisho akasaini bila hicho. Parachichi anazitaka huyo.

Wakili Mwanjelwa:
Ticha kamaliza upande wa lugha. Mimi naongeza: msilichanganye na "forfeit". "Forfeit" unapoteza kwa sababu umevunja sharti, mfano amana yako inaliwa kwa kuwa umehama bila taarifa. "Waive" unatoa mwenyewe, na saini yako ndiyo ushahidi kwamba ulitoa. Kesho mkilalamikia kreti zilizokataliwa, mtaonyeshwa karatasi hiyo hiyo.

Mwambieni aandike kwamba haki ya kudai inabaki mpaka matunda yapangwe madaraja mbele ya mwakilishi wa kikundi. Ombeni na nakala ya Kiswahili. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama hapa nchini, asijifanye kushangaa. Ila iandikwe nakala ipi itafuatwa zikipingana, hapo ndipo watu wanapigwa.

Katibu wa Kikundi, Tukuyu:
Ndaga fijo, ticha na wakili. Nimeliona tena ukurasa wa nyuma: "The Buyer may waive the minimum weight." Hapo anayeachia ni yeye?

Ticha wa Iringa:
Ni yeye. Mkipeleka pungufu ya kilo mlizokubaliana, anaweza kupokea tu. Ila kuna "may" hapo, maana yake akipenda. Msimu ambao sokoni zimejaa hatapenda.