Udongo kutoka mashambani unafukia mikoko, tuanzie wapi?

Kaa Matope:
Wakuu, naomba ushauri. Mlima ulio juu ya mto umelimwa hadi kingoni. Mvua ikinyesha, maji yanashuka mekundu na kumwaga tope mikokoni. Michu (aina moja ya mikoko) iliyo karibu na mto imekuwa ya njano na majani yanapukutika, ila mililana, aina nyingine iliyo mbele baharini, haijadhurika. Nilidhani mikoko inapenda tope! Tunataka kupanda miche mipya hapo hapo.

Kikandaa:
Pole sana mkuu. Tope la kidogo kidogo, milimita chache kwa mwaka, kweli huifaa. Linaloua ni lile linaloshuka kwa mkupuo. Ardhi ya mikoko haina hewa, hivyo mchu hupumua kwa vile vijiti vinavyochomoza matopeni. Vikifukiwa, mizizi ya chini inakosa hewa. Hata sentimita 10 za mpigo mmoja zinaweza kuudhoofisha mti, na mara nyingi hufa miezi kadhaa baadaye, watu wameshaisahau mvua yenyewe.

Msitazame miti peke yake. Matundu ya kaa yakizibwa, maji na hewa haviingii tena ardhini. Chaza walioganda kwenye mizizi nao husongwa, na tope laini linalopenya hadi nje huzinyima mwanga nyasi za bahari na matumbawe.

Shamba Juu:
Kupanda sasa ni kupoteza miche, msimu ujao itafukiwa. Chomekeni vijiti vyenye alama muone tope linapanda kiasi gani. Vijito vilivyoziba zibueni kwa mikono, maji yajae na kupwa kama zamani. Mashine nzito itakandamiza mizizi.

Halafu pandeni mlimani mkaongee na wakulima. Makinga maji ya kukata mteremko, nyasi za vetiva kwenye kingo, na ukanda wa kando ya mto usiolimwa kabisa. Mimi ni mkulima, nawaambia watasikiliza: udongo unaowafukia nyinyi ndio wenye rutuba yao.

Kaa Matope:
Asanteni mno. Miche itabaki kitaluni kwanza. Je, michu iliyopukutika tuikate?

Kikandaa:
Hapana! Kwangua gome kidogo kwa kisu. Ndani kukiwa kijani, mti ungali hai. Hata uliokufa uacheni: mizizi yake bado inashika ardhi, na matawi yaliyoanguka hunasa miche ya asili inayoletwa na maji.