Naomba ushauri: mabaki ya vitenge yanafaa kushonea nini kwa mtoto mchanga?

Mama Kijacho, Katuba

Habari zenu, ndugu zangu. Niko hapa Lubumbashi, ninatarajia kujifungua mwezi wa Juni, katikati ya baridi ile ambayo asubuhi hata mtu mzima hatoki bila sweta. Fundi jirani amenipa mfuko wa mabaki ya vitenge na vipande viwili vya taulo, nami nina cherehani ya mkono ya marehemu bibi yangu, ambayo hushona mshono ulionyooka tu. Nilianza na kofia. Nilipima, nikakata, nikashona, nikaifua. Ikarudi ya kuvalisha chungwa, rangi nyekundu imehamia kwenye bitana nyeupe, na kingo za ndani zimeanza kufumuka. Nilikosea wapi, na nishone nini kwanza?

Fundi Mstaafu, Kamalondo

Binti yangu, ulikata kabla ya kufua. Kitenge kipya cha pamba huja kimetiwa wanga ili kisimame vizuri dukani, na kikipata maji mara ya kwanza hurudi ndani. Fua mabaki yote, vyekundu na vya buluu iliyokolea peke yake mpaka maji yatoke meupe, kausha, piga pasi, ndipo ushike mkasi. Tena si kila kinachoitwa kitenge ni pamba. Chomoa uzi mmoja na uuchome mbali na mfuko: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Hiyo ya kidonge iweke kando, kwa sababu hainyonyi mate wala jasho.

Kuhusu kingo, hiyo cherehani ya bibi inatosha kabisa. Weka vipande viwili migongo ikitazamana, yaani uso wa ua uwe nje, shona nusu sentimita kutoka ukingoni, punguza kingo, geuza, kisha shona tena kwa upande wa ndani karibu milimita 7, na nyuzi zote zitafungiwa katikati. Kofia, hata hivyo, ningeishona kwa fulana kuukuu inayovutika. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake huwa na mzunguko wa karibu sentimita 35, na kwa miezi mitatu hufika kama 40. Kitenge hakimfuati akikua.

Mama wa Wanne, Ruashi

Dada, anza na baveti, kile kitambaa cha kumfunga mtoto shingoni, kwani mate na maziwa ndiyo yatakayokumalizia nguo. Chora umbo kwa kuzungusha sahani, upana sentimita 20 hivi, kitenge juu na taulo chini. Shona nyuso zikitazamana, acha mwanya wa vidole vinne, halafu kata vijimkato kuzunguka shingo bila kugusa mshono. Ukivisahau, shingo itajikunja kama jani la mgomba lililokauka, na pasi haitaisaidia. Geuza, ziba mwanya, pitisha mshono wa juu. Kwa kufungia, kamba mbili zinatosha. Wangu wote nimewalea hivyo.

Muuguzi, Kampemba

Mama, kwa heshima zote, kamba za shingoni ningeziacha, kwa sababu zinaweza kunasa na kumkaba mtoto, na vifungo vidogo navyo hung'oka vikaishia mdomoni. Tumia velkro, ule utepe wa kunatisha, upande wenye vijino ukitazama nje ili usikwaruze ngozi, na baveti ivuliwe kila mtoto anapolala, kama ilivyo kwa kofia akiwa ndani ya nyumba. Vifuko vya mikono na soksi vigeuzwe na kukaguliwa, maana uzi mmoja uliolegea unaweza kuzunguka kidole na kuzuia damu. Mito midogo ya mabaki, hata ikipendeza namna gani, isiwekwe kitandani mwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Mama wa Wanne, Ruashi

Nimekusikia, ingawa velkro nayo hukusanya nyuzi za taulo hadi ikakataa kushika. Ifungwe kabla ya kufuliwa. Na mvua zikirudi, nguo zote zilizoanikwa nje zipigwe pasi pande mbili, hasa kwenye mishono, kwa ajili ya yule nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, ambaye funza wake huingia ngozini. Mtoto wangu wa pili alipata jipu la namna hiyo mgongoni.

Mama Kijacho, Katuba

Nawashukuru sana. Nimejaribu uzi kwa kiberiti, na karibu theluthi moja ya mfuko imetoa kidonge. Baveti ya kwanza imekamilika jana jioni: shingo imelala vizuri, ila mshono wa juu umepinda pale nilipochoka kuzungusha mkono. Hiyo nitaiacha hivyo hivyo. Kofia ya chungwa nimempa binti wa jirani, inamtosha mwanasesere wake.