Mjadala: Vikwazo vya biashara kati ya majirani vinamwumiza nani?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyowekwa mbele yetu ni kwamba nchi inayoonewa kibiashara na isilipize huonekana dhaifu, na mfano uliotolewa ni wa Aprili 2025, Tanzania ilipopiga marufuku mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini. Siipingi yote. Afrika Kusini ilikuwa imezifungia ndizi zetu kwa miaka, Malawi ilikuwa imezuia unga, mchele, tangawizi na ndizi kutoka nje, na baada ya sisi kujibu, pande zote zilizungumza na zuio letu likaondolewa ndani ya siku chache. Ninachokataa ni kuufanya mfano huo kuwa kanuni, kwa sababu uko mwingine mrefu zaidi, ambao uamuzi wake ulifanyika hapa hapa Arusha.

Tarehe 31 Julai 1996, siku chache baada ya Meja Pierre Buyoya kutwaa madaraka Burundi kwa mapinduzi, viongozi wa nchi za kanda walikutana Arusha na kuiwekea nchi hiyo vikwazo vya kiuchumi. Walitaka Bunge lirejeshwe, vyama vya siasa viruhusiwe, na serikali izungumze na pande zote bila masharti. Madai hayo yalikuwa ya haki, na Mwalimu Nyerere, aliyekuwa msuluhishi, aliyasimamia kwa dhati. Lakini Burundi haina bahari: mafuta na mbolea huingia kupitia kwa majirani, na kahawa, iliyokuwa tegemeo lake kuu la fedha za kigeni, hutoka kupitia huko huko. Bei zilipanda, magendo yakashamiri, na waliokuwa karibu na wakubwa ndio waliopata mafuta ya kuuza kwa bei waitakayo, wakati mkulima ambaye hakumpindua mtu yeyote alikosa pembejeo.

Watetezi wa vikwazo vile husema ndivyo vilivyomfikisha Buyoya mezani, kwani mazungumzo ya Arusha yalifunguliwa Juni 1998, na siwezi kusema wamekosea kabisa. Hata hivyo, Bunge na vyama vilikwisha kuruhusiwa mwaka ule ule wa 1996, na bado vikwazo vilidumu, vikalegezwa kidogo Aprili 1997, na vikasitishwa Januari 1999 tu. Anayetimiza sharti la kwanza na la pili, kisha akaona mlango haujafunguliwa, atatimiza la tatu kwa kutarajia nini?

La karibu zaidi na mifuko yetu ni Namanga, mpakani na Kenya. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, na tarehe 10 ikayaruhusu tena kwa masharti, likiwamo la cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Afya ya mlaji haibezwi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Kasoro ilikuwa katika namna zuio lilivyokuja, wakati malori yalikwisha kupakia. Mwenye mzigo hulipa posho ya dereva na utingo kwa kila siku ya kusubiri, na mvua ikipenya turubai, magunia ya chini hupata joto na unyevu, hali ambayo ndiyo hasa inayostawisha ukungu unaozalisha sumukuvu. Zuio la kiafya likirefuka linaweza kuzalisha mpakani sumu ile ile lililotaka kuizuia! Wakati huo huo dalali ameshapata habari na kuteremsha bei shambani, na aliye jirani na njia za panya za Holili, mpakani na Kenya, hasubiri cheti cha mtu.

Msimamo wangu ni kwamba zuio lina uhalali pale tu linapokuwa na sharti moja linaloweza kutimizwa na kupimwa, likiwa na ukomo wa muda uliotangazwa siku ile ile. Wanaotetea vikwazo vya ghafla ninawaomba wajibu hili: mzigo uliokwisha kulipiwa na kupata vibali kabla ya tangazo upite au usipite? Na kama usipite, hasara hiyo aibebe mfanyabiashara wa soko la Kilombero hapa Arusha, au serikali iliyofunga mpaka?