Mrejesho: Baba aliyepoteza usemi baada ya kiharusi

Habari zenu wapendwa. Miezi 5 iliyopita niliomba ushauri hapa: baba alipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, anaelewa tunachosema ila hawezi kutamka hata jina langu. Asanteni mno mlionijibu.

Uliyesema tumwimbishe, Mungu akubariki! Mtaalamu wa tiba ya usemi naye alituambia uimbaji hutumia pia upande wa kulia wa ubongo. Basi nikawa namwimbia taratibu huku nikigonga mdundo kwenye kiganja chake cha kushoto. Wiki ya tatu akaimba "ma-ji". Nililia. Sasa anaunganisha maneno mawili matatu.

Mkono wa kulia bado umekaza, vidole havifunguki licha ya mazoezi ya kila siku. Dawa za presha haruki hata siku moja.